Shavu la mtoto likivimba kila mara, usiseme tu ni matubwitubwi

Mtoto akiamka shavu limevimba, jina la kwanza linalotajwa nyumbani ni matubwitubwi. Anapakwa masizi, anazuiwa kwenda shule, na baada ya wiki hivi uvimbe unaisha. Mara nyingi makisio hayo huwa sahihi. Shida huanza pale uvimbe unaporudi mara ya pili na ya tatu, na nyumba nzima inarudia jina lilelile na dawa ileile.

Matubwitubwi husababishwa na virusi, na kwa kawaida humpata mtu mara moja tu maishani. Kwa hiyo, mzazi, ukijikuta unasema “yamemrudia tena”, ujue umefika wakati wa kuchunguza tezi za mate za mtoto wako.

Kijiwe hutoka wapi?

Tuna jozi tatu kubwa za tezi za mate: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Mate hufika mdomoni kupitia mirija myembamba. Ndani ya mate mna madini ya kalsiamu, na mate yakituama, madini hayo huweza kuganda kidogo kidogo hadi kuwa kijiwe. Hakitokani na mchanga uliomo kwenye wali wala udongo anaokula mjamzito.

Takribani vijiwe 8 kati ya 10 hutokea kwenye tezi za chini ya taya. Mate ya hapo ni mazito zaidi, na mrija wake ni mrefu na unapanda kwenda juu.

Dalili yake kubwa ni uvimbe na maumivu yanayokuja wakati wa kula, hasa chakula kichachu, kisha kupungua saa moja au mbili baadaye. Tezi inatoa mate, lakini njia imezibwa. Vijiwe huwapata zaidi watu wazima, hivyo dalili hii inaweza kuwa yako wewe mzazi. Watoto hupata pia, ila kwa nadra.

Kwa watoto kuna sababu nyingine

Mtoto anayevimba mbele ya sikio, mara nyingi upande mmoja, akapona na kuvimba tena baada ya miezi kadhaa, huenda ana uvimbe wa kujirudia wa tezi ya mate. Mara nyingi huanza kati ya miaka 3 na 6, na wengi huachana nao wanapobalehe.

Tezi zikivimba pande zote mbili bila maumivu na zikabaki hivyo kwa wiki nyingi, daktari anaweza kushauri kipimo cha VVU, kwa kuwa hiyo ni mojawapo ya dalili zake kwa watoto. Usikikimbie kipimo hicho. Mtoto akigundulika mapema, dawa humwezesha kukua vizuri kama wenzake.

Vipimo na tiba

Daktari wa kinywa na meno, au wa masikio, pua na koo, huanza kwa kupapasa chini ya ulimi na kukamua tezi taratibu aone kama yanatoka mate safi au usaha. Kisha huweza kuagiza altrasaundi, ambayo haiumizi wala haina mionzi. Eksirei huonyesha vijiwe vingi, lakini si vyote.

Kijiwe kidogo huweza kutoka chenyewe. Mgonjwa hunywa maji kwa wingi, hukanda kwa kitambaa cha uvuguvugu, husugua tezi taratibu kuelekea mdomoni, na hunyonya ndimu ili mate yatiririke. Mtoto mdogo usimpe pipi ngumu, zinaweza kumkaba. Kwa maumivu, parasetamo kwa kipimo cha umri na uzito wake inatosha. Aspirini si dawa ya watoto.

Antibiotiki hutolewa pale tu penye maambukizi ya bakteria. Haziyeyushi kijiwe wala haziui virusi vya matubwitubwi, kwa hiyo kununua dozi dukani kila shavu linapovimba ni hasara.

Kijiwe kilichokwama karibu na mdomo hutolewa kwa upasuaji mdogo chini ya ulimi. Baadhi ya hospitali kubwa hutumia kamera nyembamba inayopita ndani ya mrija. Kuondoa tezi nzima huwa hatua ya mwisho.

Nenda hospitali siku hiyohiyo

Usisubiri ukiona homa kali, usaha mdomoni, ngozi nyekundu juu ya uvimbe, au mtoto anashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua. Kwa matubwitubwi, maumivu makali ya kichwa na shingo kukakamaa, korodani kuvimba au kutosikia vizuri pia ni dharura. Uvimbe mgumu usiouma unaozidi kukua, au uso kupooza upande mmoja, nao usipuuzwe.

Wazazi wengi hufika kliniki uvimbe umeshanywea, daktari akakosa cha kuona. Basi tumia simu uliyoshika sasa. Mpige mtoto picha akiwa amevimba, kisha andika tarehe, upande uliovimba, na kama alikuwa anakula. Kumbukumbu hizo za mara mbili au tatu zitamsaidia sana daktari kutofautisha kijiwe, matubwitubwi na uvimbe wa kujirudia.