Kovu la Mionzi Huanza Kabla ya Kidonda

Vigezo vinavyotumika katika kliniki nyingi za saratani duniani kupima madhara ya mionzi kwenye ngozi vinamtaka daktari atafute wekundu. Daraja la kwanza ni wekundu hafifu. La pili ni wekundu uliokolea, na ngozi huanza kubambuka kwenye mikunjo. Vipimo hivyo vinaifaa ngozi nyeupe. Mama wa Temeke au Tandahimba anayetibiwa saratani ya titi huona jambo jingine: ngozi yake inazidi kuwa nyeusi, inakauka, inawasha, na weusi huo unakatika ghafla kwa mstari ulionyooka pale mionzi ilipoishia. Akisubiriwa awe mwekundu, atafika kwenye kidonda bila mtu kumgutukia.

Maji ya moto huunguza papo hapo. Mionzi haina haraka. Mwaka 1901 mwanafizikia Mfaransa Henri Becquerel alitembea na kichupa chenye rediamu mfukoni mwa kizibao chake, na ngozi iliyokuwa karibu na mfuko huo ikaja kuungua baadaye. Sababu inajulikana leo. Mionzi hudhuru zaidi seli zinazozaliana chini ya ngozi ya juu. Ya juu huendelea kuonekana nzima, hadi inapokwisha kwa kawaida yake na kukosa ya kushika nafasi yake. Ndiyo maana wiki ya kwanza mgonjwa hasikii kitu, dalili huanza wiki ya pili au ya tatu, na hali huweza kuwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya matibabu kwisha. Wakati huo wengi wameshapanda basi kurudi kwao.

Kovu lenyewe huja miezi au miaka baadaye. Mwili hurundika nyuzi za kolajeni kupita kiasi, mishipa midogo ya damu hupungua, na ngozi huwa ngumu na kushikamana na nyama. Titi hujikunja, bega hukataa kunyanyuka, shingo haigeuki. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kovu linaweza kubana uke na kufanya tendo la ndoa kuwa la maumivu. Kuna vipanuzi maalumu vya kuzuia hali hiyo. Muuguzi anapaswa kuvitaja waziwazi kabla mgonjwa hajaondoka, kwa sababu ni wachache watakaothubutu kuuliza.

Kinga inaanzia kwenye mashine. Mionzi ya kobalti hufikia nguvu yake ya juu nusu sentimita tu chini ya ngozi. Ile ya LINAC, mashine inayotengeneza mionzi kwa umeme, hufika takriban sentimita moja na nusu au zaidi, hivyo ngozi hupata nafuu. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyotegemea kobalti kwa miaka mingi, ilianza kutumia LINAC mwaka 2018. Ratiba nayo ina uzito wake. Utafiti wa Uingereza uitwao START B, uliohusisha wanawake 2,215, ulilinganisha grei 50 (grei ni kizio cha kiasi cha mionzi) kwa vipindi 25 na grei 40 kwa vipindi 15. Ratiba fupi ilidhibiti saratani vizuri vilevile, na mabadiliko ya titi yakawa machache zaidi. Kwa anayelipia chumba cha kulala mjini, wiki mbili zinazookolewa ni fedha pia.

Nyumbani, bado wapo wanaoambiwa wasioge. Waoge: maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, bila dodoki wala kusugua mistari ya wino iliyochorwa na mtaalamu, kisha kukausha kwa kubonyeza kitambaa laini. Sidiria ya kubana ipumzishwe, kanga au blauzi pana ya pamba ichukue nafasi yake. Kukanda kwa maji ya moto, dawa ya kila maumivu katika nyumba nyingi, hapa ni hatari. Krimu ya mometasoni, ikiandikwa na daktari tangu mwanzo, imethibitika kupunguza kuungua. Alovera haijaonyesha faida ya uhakika.

Kliniki nayo iache kutegemea macho peke yake. Muuguzi anyanyue titi, aguse mkunjo wa chini kwa mgongo wa mkono kuona kama pana joto, kisha aulize: panawasha? Panavuta? Nguo inakuumiza?

Kovu likishakomaa, kazi ni ya muda mrefu. Mazoezi ya bega, shingo au taya huleta nafuu, hasa yakianza mapema. Mjini Paris, daktari Sylvie Delanian na wenzake walionyesha kwamba pentoksifilini, dawa ya zamani ya mzunguko wa damu, ikitumiwa pamoja na vitamini E hulainisha makovu haya, lakini kwa miaka. Waliokatiza mapema waliona ugumu ukirudi. Mjini Verona, daktari wa upasuaji Gino Rigotti aliripoti mwaka 2007 kwamba kudunga mafuta ya mgonjwa mwenyewe chini ya ngozi iliyoharibika kuliifufua.

Upasuaji mwingine unahitaji tahadhari, kwani ngozi iliyopigwa mionzi hupona kwa shida hata baada ya miaka mingi. Cheti kinachoonyesha sehemu iliyotibiwa na kiasi cha grei kihifadhiwe, na daktari wa meno akione kabla ya kung'oa jino la mtu aliyetibiwa saratani ya kinywa au koo.