Fahamu: Programu ipi ya kuhariri video inamfaa mwanafunzi wa filamu?

Programu ya kuhariri video ni chombo cha kukata, kupanga na kuunganisha picha na sauti hadi zipate kuwa filamu. Wengi huanza kwa kuuliza ipi ni bora, ilhali swali la kwanza ni kompyuta iliyopo inabeba nini. DaVinci Resolve, ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia, ina toleo la bure lisilopiga chapa juu ya picha na linalotoa filamu za 4K. Ila ni nzito: watengenezaji wenyewe hupendekeza RAM ya GB 16. Mwenye laptop ya GB 4 atahangaika bure; Shotcut au Kdenlive, nazo za bure, zitamfaa zaidi, hasa akihariri kwa nakala nyepesi za picha na kuirudia picha halisi wakati wa kutoa filamu.

Vipi kuhusu ajira?

Wapo wanaoshikilia kuwa ni lazima kujifunza Adobe Premiere Pro kwa sababu ndiyo iliyoenea kazini. Hoja hiyo ina uzito, lakini Premiere hulipiwa kwa mwezi au mwaka, na malipo yakikoma, mradi haufunguki. Isitoshe, jicho la kujua pa kukata halitegemei chapa. Yang Jin-mo alihariri Parasite, iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2020, kwa Final Cut Pro 7, toleo ambalo Apple ililiacha mwaka 2011. Wala usikwepe malipo ya Premiere kwa nakala za wizi: mara nyingi huja na virusi.