Nyumba za Hifadhi kwa Mabinti

Mwaka 1983, huko Monroe katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, Nancy Alcorn, bibi aliyekwisha kuhudumu miaka kadhaa katika idara za serikali zilizoshughulikia wasichana waliohukumiwa na watoto waliodhulumiwa, alifungua nyumba ya Kikristo ya kuwapokea mabinti walioelemewa na dhiki za nafsi, kama vile ulevi, kujinyima chakula hadi mwili ukadhoofu, na mimba zisizotarajiwa. Binti huingia kwa hiari yake, bila kutozwa ada, akakaa takriban miezi sita, siku zake zikigawanywa baina ya ibada, masomo na mashauri ya faragha.

Utaratibu huo una fadhila zake, kwani si jambo haba kumtenga mtu na mazingira yaliyomdhuru. Walakini ibada, kwa rai yangu, haishiki nafasi ya tabibu. Nchini Australia tawi la huduma hiyo ya Alcorn lilifungwa mwaka 2009, baada ya baadhi ya waliokaa humo kulalamika kwamba maradhi ya akili yalikabiliwa kwa maombi, na kwamba huduma iliyotangazwa kuwa ya bure iligharimiwa kwa posho zao za serikali. Wakurugenzi wakaomba radhi, wakalipa fidia.