Kitambulisho Kigumu Kughushi, Utambulisho Rahisi Kuibwa
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza nilieleza namna matapeli wanavyotumia jina na namba ya mtu mwingine kusajili laini, kukopa na hata kufungua akaunti. Kila mazungumzo ya jambo hili yanapofika hapo, huzuka swali moja: kwa nini Serikali isitoe kitambulisho kisichoghushika, yakaisha? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kadi ngumu kughushi zipo, na nyingine tumeziweka mifukoni mwetu. Tatizo lipo dirishani, pale kadi inapopokewa na mtu asiye na namna ya kuikagua, au asiyeihitaji kadi yenyewe, anachotaka ni kivuli chake tu.

Tuanze na kadi hata hivyo, maana ziko nchi ambako ubovu wa kitambulisho ulikuwa mlango mkubwa wa wizi. Kwa miaka mingi Waafrika Kusini walitambulishwa kwa kijitabu cha kijani. Picha ya mwenyewe ilibandikwa ukurasani na kufunikwa kwa plastiki nyembamba. Mwizi aliyekiokota kijitabu aliibandua plastiki ile taratibu, akatoa picha, akaweka yake, akafunika upya. Jina, namba na tarehe ya kuzaliwa vilibaki kama vilivyo, na vyote vilikuwa vya kweli. Karani ambaye angeuliza makao makuu kama namba hiyo ipo, angejibiwa kwamba ipo. Mwenye jina alikuja kugundua baadaye kuwa anadaiwa na maduka asiyowahi kuingia. Wako wanawake waliokwenda kufunga ndoa wakaelezwa kwamba kumbukumbu za Serikali zinaonyesha tayari wameolewa, na mume ni mtu wasiyemjua.

Tarehe 18 Julai 2013, siku ya kuzaliwa ya Nelson Mandela, nchi hiyo ilizindua kadi mpya yenye chipu. Inafaa tuiangalie kwa karibu, kwa sababu ujuzi uliotumika ndio unaotumika siku hizi katika vitambulisho vizuri karibu kote duniani. Kadi hizi hutengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Matabaka kadhaa huunganishwa kwa joto na mgandamizo, bila gundi, yakawa kitu kimoja kisichobanduka. Picha haibandikwi. Mwale wa leza hupenya hadi tabaka la ndani na kuliunguza nukta kwa nukta, mpaka sura ya mtu itokee kwa weusi na kijivu, na ndiyo maana picha nyingi za namna hii hazina rangi. Anayetaka kuifuta sura hiyo hana budi kuichimba kadi, na shimo litamuumbua. Ukipitisha kidole juu ya baadhi ya maandishi utahisi yameinuka. Pembeni huwa kuna picha ya pili, ndogo na iliyofifia. Yako maandishi yasiyosomeka bila kioo cha kukuzia, na michoro inayobadilika rangi unapoiinamisha kadi kwenye mwanga.

Mchezo wa kubandua picha ulikuwa umekwisha kwa kila aliyepata kadi hiyo. Lakini zaidi ya miaka kumi baada ya uzinduzi, kijitabu cha kijani kilikuwa bado kinapokewa, kwa sababu mamilioni ya wananchi walikuwa hawajabadilishiwa. Mwizi hana haja ya kuhangaika na kadi ngumu ikiwa dirisha lile lile linapokea ile dhaifu. Nchi inayobadilisha vitambulisho inapaswa kutangaza mapema siku ya mwisho ya kile cha zamani, na kuhakikisha kabla ya siku hiyo kwamba kila mtu ameshafikiwa na kipya.

Ulinzi wa plastiki, hata uwe mzuri namna gani, unategemea jicho la anayetazama. Chipu imewekwa ili jicho lisaidiwe. Ndani yake mna taarifa za mwenye kadi pamoja na saini ya kidijitali ya mamlaka iliyoitoa. Saini hiyo ni matokeo ya hesabu iliyofanywa juu ya taarifa zote kwa ufunguo wa siri ulio mikononi mwa mamlaka peke yake. Ukibadilisha hata herufi moja ya jina, hesabu inagoma. Pasipoti ya kielektroniki iliyozinduliwa Tanzania Januari 31, 2018 ni ya jamii hii. Bado mtu angeweza kunakili taarifa zote, na saini yake, akaziweka kwenye chipu nyingine. Kwa hiyo chipu bora hupewa pia ufunguo wake yenyewe usiotoka nje kamwe. Mashine inayoisoma huipelekea namba ya kubahatisha. Chipu huijibu kwa kutumia ufunguo ule, na mashine inapima jibu. Nakala haina ufunguo, basi haina jibu.

Hayo yote yanahitaji kitu kimoja: mashine ya kusomea iwepo.

Sasa fika asubuhi kwenye steshenari yoyote iliyo jirani na ofisi ya umma. Kifuniko cha mashine ya fotokopi hakifungwi. Kijana anapokea kitambulisho, anatoa upande wa mbele, anakigeuza, anatoa wa nyuma kwenye karatasi ile ile. Mwingine hakuja na kadi. Anamwambia, "Nimeshakutumia WhatsApp, bosi," na picha ya kitambulisho chake inafunguliwa kwenye kompyuta ambayo uso wake umejaa picha za vitambulisho vya wateja wa jana na juzi. Kopi iliyotoka na giza inatupwa kwenye boksi chini ya meza, na upande wake mweupe utaandikiwa hesabu za siku. Karatasi nzuri inapelekwa dirishani, inagongwa muhuri, inawekwa kwenye faili. Polikaboneti, leza, michoro ya rangi, saini ya kidijitali na ufunguo wa siri, vyote vimebaki mfukoni mwa mteja. Kilichopokelewa ni karatasi ambayo mtu yeyote mwenye simu na programu ya kuhariri picha anaweza kuitengeneza kwa muda mfupi.

Utaratibu huu wa kivuli ndio ninaoulaumu kuliko kasoro yoyote ya kadi. Tumetumia fedha za umma kuwapa wananchi kadi yenye chipu, kisha ofisi zetu wenyewe zikadai fotokopi yake.

Nyuma ya kivuli kuna kosa la zamani zaidi, la kuichukulia namba ya kitambulisho kuwa siri. Marekani ndiyo iliyolipa gharama kubwa kwa kosa hilo. Namba za hifadhi ya jamii zilianza kutolewa huko mwaka 1936 kwa ajili ya hesabu za mafao tu. Miaka miwili baadaye kiwanda kimoja cha pochi cha Lockport, jimbo la New York, kilitia ndani ya pochi zake kadi ya mfano kuonyesha jinsi kadi halisi inavyoenea. Namba iliyokuwa kwenye mfano huo ilikuwa ya kweli, ya katibu muhtasi wa kiwandani hapo. Ingawa kadi ya mfano ilikuwa nusu ya ukubwa na imeandikwa kuwa ni mfano, wanunuzi wengi walidhani namba ile ni yao. Kufikia mwaka 1943 watu 5,755 walikuwa wakiitumia, na kwa miaka yote zaidi ya 40,000 waliitaja kuwa ni yao. Baadaye benki, hospitali na waajiri wa nchi hiyo waliigeuza namba hii kuwa uthibitisho, kwamba anayeitaja ndiye mwenyewe. Ndipo mwaka 2017 kampuni ya taarifa za mikopo ya Equifax ilipovamiwa na namba za mamilioni ya watu zikaibwa. Kumkubali mtu kwa sababu ameitaja namba ni sawa na kumfungulia mgeni mlango kwa sababu anaijua namba ya nyumba.

Korea Kusini nayo ilipitia hapo. Mwaka 2014 iligundulika kwamba mfanyakazi mmoja alikuwa amenakili taarifa za watu wapatao milioni 20 kutoka kampuni tatu za kadi za mikopo. Namba ya ukaazi ya Wakorea, yenye tarakimu 13, ilianza na tarehe ya kuzaliwa, na ndani yake mlikuwa na alama za mahali mtu alipoandikishwa. Tangu 2017 aliyedhuriwa na uvujaji wa namba yake anaweza kuomba abadilishiwe, na tangu Oktoba 2020 namba mpya hazibebi tena alama za mahali.

Sisi Watanzania tuna sababu ya kuwasikiliza Wakorea. Namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu anayejua siku yako ya kuzaliwa, ambayo pengine umeitangaza mwenyewe mtandaoni, ameshapata sehemu kubwa ya namba yako. Haina maana kwamba NIDA wamekosea kutoa namba ya namna hii. Ina maana kwamba asiwepo wakala, mkopeshaji wala ofisi inayomkubali mtu kwa namba tupu. Wakenya walilionja hili Juni 2021, walipochungulia kwenye mfumo wa Serikali na wengi wao wakajikuta wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Namba zao za vitambulisho zilikuwa zimezagaa kwa miaka katika madaftari ya milango ya majengo na ya mawakala wa fedha, na yeyote aliyezitaka alizipata.

Msomaji atasema: sisi tuna dole gumba. Ni kweli, na hatua hiyo ilikuwa kubwa. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania Mei 1, 2019, na Januari 20, 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Hapo namba peke yake haikutosha tena. Kidole kililinganishwa na kumbukumbu za NIDA. Lakini wezi hawakuchelewa kubuni njia. Mama anakwenda kusajili laini chini ya mwavuli wa wakala barabarani. Anaweka dole gumba. "Mama, mashine haijasoma, weka tena." Anaweka tena. "Bado, futa jasho kidogo." Mara ya tatu mashine "inasoma". Huenda ni kweli mikono imechakaa kwa jembe na sabuni, na wazee na wakulima wengi hupata tabu hiyo. Lakini huenda pia laini tatu zimesajiliwa kwa jina lake, na mbili zitauzwa kwa matapeli wanaotuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Upungufu hapo si wa kidole. Mwenye kidole haoni kioo cha mashine, wala hapokei taarifa popote kwamba jina lake limetumika. India imekutana na hali ngumu zaidi. Matapeli walichukua alama za vidole zilizokuwa kwenye hati za ardhi zilizowekwa mtandaoni, wakazitengenezea nakala za silikoni, wakatoa fedha za watu kwa mfumo wa malipo unaotegemea kitambulisho cha Aadhaar. Mamlaka ya huko inamruhusu mwananchi kufunga alama zake zisitumike mpaka azifungue mwenyewe. Namba iliyovuja hubadilishwa, ingawa kwa tabu. Kidole kilichovuja hakibadilishwi maisha yote.

Nchi ninayoiona imefika mbali katika hili ni Estonia, taifa dogo la watu wapatao milioni 1.3, ambalo limetoa kadi zenye chipu tangu 2002. Raia huko hatoi kopi. Anaingiza kadi kwenye kisomeo, anabonyeza namba yake ya siri, na chipu inathibitisha kwa niaba yake. Kusaini hati kunahitaji namba ya siri ya pili. Kuijua namba yake ya utambulisho hakumpi mwizi kitu. Mwaka 2017 watafiti wa Jamhuri ya Czech waligundua kwamba chipu za kampuni ya Infineon zilizomo katika kadi takribani 750,000 za nchi hiyo zilitengeneza funguo zenye udhaifu wa kihesabu. Serikali haikuficha. Ilitangaza Septemba, Novemba ikasitisha vyeti vya kidijitali vya kadi zilizoguswa, na wananchi wakazisasisha kwa kompyuta zao au ofisini. Kadi yao haikuwa kamilifu, ila namna ya kuitibu kabla mwizi hajafika ilikuwapo. Tena raia huyo anaweza kuingia kwenye mfumo na kuona ofisi gani imefungua taarifa zake, na siku gani.

Hilo la mwisho ndilo ningependa lianze kwetu, hata kabla ya visomeo kuenea. Kila namba ya NIDA inapoulizwa kwenye mfumo, mwenyewe apate ujumbe kwenye simu: nani ameuliza, saa ngapi, kwa ajili gani. Mama yule chini ya mwavuli angesikia simu ikilia mara tatu, akauliza palepale. Pili, ofisi za umma ziwe za kwanza kuacha kudai kivuli pale ambapo kadi inaweza kusomwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa asichukue zaidi ya anachohitaji. Faili lililojaa fotokopi ambazo hazijawahi kufunguliwa tangu zigongwe muhuri linapaswa kupimwa kwa sheria hiyo, na Tume iliyoundwa nayo ipo ya kulipima.

Visomeo vije pamoja na njia mbadala kwa wale ambao vidole vyao havisomeki na wale ambao wana namba lakini kadi haijawafikia. Wako wengi, na kumfungia mtu huduma kwa sababu mashine imemkataa ni dhuluma nyingine.

Wiki ijayo nitaeleza la kufanya ukishaibiwa: uanzie wapi, upewe karatasi gani polisi, na udai nini kwa mkopeshaji. Kabla ya hapo, piga *106# kwenye kila laini uliyo nayo, uangalie ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, piga picha ya skrini, andika tarehe na saa, kisha nenda na kadi yako kwenye duka la mtandao husika, si kwa wakala wa barabarani, ukaombe ifungwe.