Hand Huishia Kifundoni, Mkono Hauishii Hapo

“Meli ilizama na mikono yote.” Sentensi hiyo nilikutana nayo katika rundo la tafsiri nililopewa kuhariri, nikabaki nikiitazama: bahari imechafuka na mikono inaelea yenyewe bila wenyewe. Mfasiri hakuwa mjinga. Aliona neno hand akaandika mkono, kama sote tulivyofundishwa shuleni. Kiingereza kilikuwa kimesema lost with all hands, yaani meli ilizama na mabaharia wake wote, hakupona hata mmoja.

Kazi ya kufasiri imenionyesha kwamba maneno magumu hayamwangushi mtu. Usanisinuru humtisha mfasiri, naye huenda kuuliza. Yanayomwangusha ni haya ya darasa la tatu, ambayo kila mtu anaamini anayajua: head, foot, eye, na mkubwa wao, hand.

Tuanze na mwili wenyewe. Mkono wa Mswahili huanzia begani ukafika kwenye ncha za vidole. Hand ya Mwingereza huanzia kwenye kifundo cha mkono. Kutoka hapo kupanda juu kuna jina jingine, arm. Tukitaka kutaja hand peke yake tunalazimika kusema kiganja, au kitanga cha mkono, ingawa hayo nayo humfanya msikilizaji afikirie upande wa ndani tu. Ndiyo maana mgonjwa akisema ameumia mkono, daktari makini hamwandikii picha ya eksirei hapohapo. Humwambia: nionyeshe. Fomu iliyofasiriwa kutoka Kiingereza haina mdomo wa kuuliza, na hapo ndipo mkono wote unapopigwa picha kwa ajili ya kidole gumba.

Kwa upande mwingine sisi tuna kunawa, kitenzi kimoja cha kuosha mikono au uso, na mtu akisema “nanawa nije kula” hakuna anayedhani anakwenda kuoga. Mwingereza hana neno hilo. Lazima ataje anachoosha.

Kunawa ndiko kulikozaa msamiati mtamu wa mpira. Mchezaji akiucheza mpira kwa mkono, Waingereza husema handball. Watangazaji wetu wa Tanzania husema ameunawa mpira. Sasa angalia kichekesho: katika sheria za soka, mkono unaohesabiwa unapanda hadi usawa wa chini ya kwapa. Beki akigongwa na mpira juu ya kiwiko, uwanja mzima wa London utapiga kelele handball, ilhali hand yake haikuguswa kabisa. Uwanjani, Waingereza wamelazimika kuwa na mkono kama wetu. Bao la Diego Maradona dhidi ya Uingereza, tarehe 22 Juni 1986 kule Mexico City, ni suala jingine. Lile lilifungwa kwa ngumi ya kushoto, na hand ilihusika kwa lugha zote mbili.

Turudi kwenye meli. Kwa nini baharia aitwe hand? Kwa sababu Kiingereza hakikutazama umbo la kiungo hiki, kilitazama kazi yake. Hand ndiyo inayovuta kamba, basi mvuta kamba naye ni hand. Shambani kuna farm hand, kiwandani kuna factory hand. Mwajiri hakumhitaji mtu mzima mwenye kichwa chenye mawazo na tumbo lenye njaa. Alihitaji viganja viwili. (Serikali ya kikoloni nayo ilihesabu vichwa: wazee wetu walilipa kodi ya kichwa.) Kiswahili kina neno la mtu huyohuyo, nalo halikutokana na mwili. Ni kibarua, yaani barua ndogo, kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuonyesha kwamba siku yake imehesabiwa. Mwingereza alimwita mtu kwa kiganja chake, sisi tukamwita kwa karatasi iliyomo kiganjani. Sijui lipi linamheshimu zaidi. Najua tu kwamba tangazo la kazi linalotafuta hands 40 linatafuta vibarua 40, na anayeandika “mikono 40” amepunguza watu nusu.

Sokoni mambo yanapendeza zaidi. Chukua mkungu wa ndizi. Zile ndizi zilizoshikana safu moja kwenye mkungu sisi tunaziita chane. Mwingereza aliziona akasema ni hand, na kila ndizi moja akaiita finger. Kwenye kidole tunakutana naye, maana Kiswahili nacho husema dole la ndizi. Kwenye kiganja tunaachana: chane ni neno lenye mizizi yake, halidai chochote kwa mkono. Mkono wetu tuliuweka kwingine, kwenye ile ndizi kubwa ya kupika inayoitwa mkono wa tembo. Nimewahi kuona maelezo ya kilimo cha migomba yakimshauri mkulima “aondoe mkono wa mwisho wa mkungu.” Mkulima aliyekuwa karibu yangu alicheka akauliza kama mkungu nao una bega.

Ukutani kuna hand nyingine, ile ya saa. Wengi leo husema mshale, wengine mkono, na zote ni sawa. Lakini kuna neno zuri linalokaribia kusahaulika, akrabu, lililotoka katika Kiarabu ambako maana yake ni nge. Waarabu waliitazama ile ncha inayotembea wakaona mkia wa nge, Waingereza wakaona mtu ananyoosha kiganja kuonyesha saa. Hapa pana mtego mdogo. Second hand ni mshale wa sekunde. Second-hand, kwa alama ya kuunganisha, ni kitu kilichopitia kwa mtu mwingine kabla ya kukufikia wewe. Saa ileile inaweza kuwa na cha kwanza na yenyewe ikawa cha pili. Cha kwanza hakina shida kukifasiri. Cha pili husemwa cha mkono wa pili, na kwa nguo watu husema mitumba, neno lililotokana na mtumba, lile robota lililofungwa. Tena Mwingereza ametazama kiganja, Mswahili akatazama mzigo.

Mtego mkubwa uko kwa farasi. Hand ni kipimo cha urefu wa farasi, kutoka ardhini hadi mahali shingo inapokutana na mgongo, na kimewekwa kuwa inchi 4, yaani sentimita 10.16. Atakayefasiri habari za mbio au riwaya yenye farasi wa 15.2 hands atashika kikokotoo, azidishe, apate sentimita 154 na kitu. Amekosea. Hiyo nukta si ya desimali. Inatenganisha hand na inchi: hand 15 na inchi 2, jumla inchi 62, karibu sentimita 157.5. Kwa sababu hiyo hakuna farasi wa 15.4, baada ya 15.3 inakuja 16. Wala usithubutu kuandika “mikono 15,” kwani Kiswahili kina mkono wake wa kupimia, ule wa vitambaa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ambao ni kama inchi 18. Hata huo una ndugu yake mfupi, mkono konde, unaopimwa ngumi ikiwa imefungwa. Farasi wa mikono 15 ya duka la nguo angempita twiga.

Misemo mingine naipitia haraka, kwa kuwa siri yake ni ileile. Give me a hand ni nisaidie. Ukimwambia Mswahili “nipe mkono” atakusalimu, na ukimwambia “nishike mkono” anaweza kudhani unaomba hela. Give her a big hand ni mpigieni makofi. A neat hand ni mwandiko mzuri. Kumwomba baba hand ya binti yake ni kuposa. On the other hand ni kwa upande mwingine, jambo nililolifanya hapo juu bila wewe kushtuka.

Neno moja linastahili kituo kirefu zaidi, nalo ni handicap. Kuna hadithi inayosambaa kwamba lilitokana na watu wenye ulemavu waliokuwa wakiomba barabarani, kofia mkononi. Si kweli. Lilitokana na mchezo wa kubadilishana mali katika vilabu vya pombe vya Uingereza, ambamo wachezaji walitumbukiza mikono kwenye kofia yenye pesa, hand in cap, kisha kuitoa kuonyesha kama wamekubali bei iliyotajwa na msuluhishi. Samuel Pepys alitaja mchezo huo katika shajara yake mwaka 1660. Baadaye neno likahamia kwenye mbio za farasi, ambako farasi mwenye nguvu alibebeshwa uzito wa ziada ili wengine wapate nafasi. Kulitumia kwa ulemavu wa mwili kulikuja mwishoni, katika karne ya 20. Hata hivyo, kujua kwamba hadithi ya ombaomba ni ya uongo hakulifanyi neno hilo lifae. Wengi wanaohusika hawalipendi, na Kiswahili kina “mtu mwenye ulemavu,” kinachotaja mtu kwanza.

Nasi tuna madeni ya kwetu. Jaribu kumweleza Mwingereza mkono wa birika, yule bahili asiyetoa kitu, au mwenye mkono mrefu, ambaye ufunge mlango akipita. Mwambie shati lina mikono mirefu uone kama hatageuka kutazama. Kuunga mkono atalielewa, ila hatalipata kwa kutafuta hand. Atalipata kwenye back, mgongo.

Kwa wanaotunga kamusi nina ombi moja. Chini ya hand, baada ya mkono na kiganja, wekeni baharia, kibarua, chane, akrabu na mwandiko. Mistari miwili inatosha.