Sura ya Nne: Watu Wazima Kambini

Mtoto anayejiunga na skauti hutoa ahadi moja na kujifunza sheria fupi ambayo ataikariri kwa wiki. Mzazi anayejitolea kusaidia kundi hilohilo hukutana na fomu, kozi, uchunguzi wa rekodi za polisi na kurasa nyingi za masharti. Wengi huona mzigo umepinduliwa: wamekuja kuchemsha chai na kusimamisha mahema, mara wanaulizwa waliishi wapi miaka mitano iliyopita. Wengine huondoka hapohapo. Ni hasara, kwa sababu wangeelezwa masharti hayo yametoka wapi, wengi wao wangebaki.

Skauti ilianza na watu wazima wachache sana. Agosti 1907 Robert Baden-Powell alipiga kambi ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, akiwa na wavulana wapatao 20 waliogawanywa katika vikosi vinne. Kitabu chake kuhusu skauti kilitoka mwaka uliofuata, na vijana wa mitaani wakaanza kujiundia vikosi kabla wakubwa hawajajipanga. Uhuru huo ndio uliowavuta. Lakini tarehe 4 Agosti 1912 mashua iliyokuwa ikipeleka kambini skauti wa Walworth, mtaa wa makabwela wa kusini mwa London, ilipigwa na upepo wa ghafla karibu na Leysdown, kisiwa cha Sheppey, ikapinduka. Wavulana tisa walizama. Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa jeshi la majini, alituma manowari ikawarudishe marehemu London.

Mwaka 1919 skauti wa Uingereza walipata Gilwell Park, pembezoni mwa msitu wa Epping, na Septemba ya mwaka huo ikafanyika pale kozi ya kwanza ya viongozi. Waliohitimu walipewa shanga mbili za mbao. Za mwanzo inasemekana zilitoka kwenye mkufu wa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu. Hadi leo kiongozi wa Nairobi au Dodoma aliyemaliza mafunzo ya Wood Badge huvaa shanga mbili za aina hiyo kwenye kamba ya ngozi shingoni, na skauti mwenye macho humtambua kwa hizo kabla hajajitambulisha.

Mafunzo ya kamba, moto, maji na huduma ya kwanza yalizuia ajali nyingi. Kulikuwa na hatari nyingine ambayo hayakuigusa.

Chama cha skauti cha Marekani kilianzishwa tarehe 8 Februari 1910, na tangu 2025 kinaitwa Scouting America. Kwa miongo mingi makao yake makuu yaliweka mafaili ya siri ya watu waliofukuzwa kwa kushukiwa kuwafanyia watoto ukatili wa kingono. Makao makuu yalijua. Wazazi waliokuwa wakiwafungia watoto mabegi ya kambi hawakujua. Mwaka 2010 mahakama ya Portland, Oregon, ilikitoza chama hicho dola milioni 18.5 kama adhabu katika kesi moja tu, na mwaka 2012 mafaili zaidi ya 1,200 ya kati ya 1965 na 1985 yakawekwa hadharani kwa amri ya mahakama. Februari 2020 chama kiliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi. Watu zaidi ya 82,000 walijitokeza kudai kwamba walidhulumiwa wakiwa watoto, na mpango wa fidia wa dola bilioni 2.46 ukaanza kutekelezwa Aprili 2023.

Idadi hiyo isipitwe haraka. Wengi wa waliodai walikuwa sasa wazee wenye wajukuu, na walikuwa wamenyamaza tangu utotoni. Mara nyingi aliyewadhuru alikuwa mtu aliyependwa mtaani: wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka, mwenye gari, mwenye muda. Ndiyo maana kanuni za leo hazijaribu kusoma moyo wa mtu. Zinaangalia mpangilio: nani yuko wapi, na nani anamwona.

Kanuni mama ni ya watu wazima wawili. Tangu Oktoba 2018, kila mkutano, safari au shughuli ya kundi la Marekani lazima iwe na viongozi wawili waliosajiliwa, wenye umri wa miaka 21 au zaidi. Penye wasichana, mmoja wao lazima awe mwanamke. Hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kubaki peke yake na mtoto asiye wake, iwe ndani ya gari, hemani, jikoni au kwenye simu. Kiongozi anayetaka kumwandikia kijana ujumbe kuhusu viatu vya kupandia mlima humjumuisha mzazi au kiongozi mwenzake kwenye ujumbe huo. Mazungumzo ya faragha bado yapo, maana kijana anaweza kuwa na la moyoni, lakini hufanyika mahali ambapo wengine wanawaona ingawa hawawasikii. Adhabu ya viboko na mizaha ya kuwadhalilisha wageni ni marufuku. Na hakuna shughuli ya siri: mzazi ana haki ya kujua na kuona chochote kinachofanywa na kundi la mwanawe.

Kabla ya kusajiliwa, mtu mzima huchunguzwa rekodi za jinai, na chama cha Marekani kilianza kumchunguza kila anayejitolea mwaka 2008. Kisha husoma kozi ya ulinzi wa watoto, ambayo lazima airudie baada ya muda fulani ili usajili wake uendelee. Kinachoulizwa sana ni sharti la Septemba 2023: mtu mzima yeyote anayelala kambini na kundi lazima awe amesajiliwa katika nafasi rasmi na kulipa ada yake. Kina baba waliozoea kuja na blanketi lao Ijumaa jioni walilalamika. Walisema wao ni wazazi, si viongozi. Malalamiko yao yanaeleweka, lakini kwa watoto wengine 15 waliolala pale, baba wa mwenzao ni mtu wasiyemfahamu. Usajili ndio unaohakikisha kwamba kuna aliyemchunguza. Kwa watoto wadogo, wale kabu, mzazi anayelala na mwanawe mwenyewe habanwi na sharti hilo, na anaweza kuwa naye hema moja. Kwa wakubwa, watu wazima na vijana hawachangii hema, na vijana wanaolala pamoja wasizidiane zaidi ya miaka miwili.

Uingereza wamezibana kanuni zao hadi zikaenea kwenye kadi ya njano inayoingia mfukoni. Kila mtu mzima anayefanya kazi na skauti hupewa, na viongozi wengi huiweka pamoja na leseni ya gari. Kule rekodi za mtu huchunguzwa upya kila baada ya miaka michache, na anayeongoza kambi ya kulala lazima awe na kibali maalumu. Wakitoka nje ya ukumbi wao wa kawaida, watoto wa rika la Beaver huwa na mtu mzima mmoja kwa kila sita, kabu mmoja kwa wanane, skauti mmoja kwa kumi na wawili, mbali na kiongozi mkuu wa safari. Hesabu hizi huamua mambo mengi kuliko mahubiri. Mzazi mmoja akipiga simu Alhamisi usiku kwamba hawezi kuja, watoto wanane hawaendi mlimani.

Mpaka hapa ni ulinzi. Nusu ya pili ya wajibu wa mtu mzima ni ngumu zaidi kwa wazazi walio wema, nayo ni kujizuia.

Asubuhi ya Jumamosi katika kambi yoyote ya Marekani inatosha kuonyesha hilo. Kikosi cha vijana sita kinapika chapati za maji. Mpishi wa zamu ana miaka 11. Ili apate daraja la First Class lazima asaidie kupanga mlo wa kambi wenye kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha jioni, aandike orodha ya vitu na bei zake, kisha awe mpishi. Ameacha unga umekuwa mzito. Kikaango hakijapata moto wa kutosha, na chapati ya kwanza imeng'ang'ania chini ikakatika vipande vitatu. Mwenzake anasema iongezwe maji, mwingine anasema mafuta. Mama yake mpishi, aliyesimama hatua kumi pale penye viti vya watu wazima, anajua jibu na mkono unamwasha. Kazi yake ni kubaki pale alipo. Chapati ya nne itakuwa nzuri, na hata isipokuwa nzuri wataila, maana ndicho walichopika.

Lakini mtungi wa gesi si suala la chapati. Kuunganisha mtungi, kujaza mafuta na kuwasha jiko hufanyika mbele ya mtu mzima anayelijua jiko hilo. Hapo ndipo mstari ulipo. Chumvi, unga na zamu ya kuosha vyombo ni vya kikosi. Moto, maji, kisu kilichoachwa wazi na dawa ni vya watu wazima. Mzazi aliyeuelewa mstari huu anasaidia kundi kuliko anayebeba mahema matano kwa mpigo.

Baraza la viongozi wa vikosi, yaani vijana wenyewe, ndilo linalopanga programu ya mwezi. Watu wazima hukaa kwenye kamati, yenye wajumbe wasiopungua watatu, na kazi zake hazina shangwe: kutunza fedha, kutafuta usafiri, kuomba kiwanja cha kambi, kuhifadhi kumbukumbu za beji. Taasisi mlezi, ambayo aghalabu ni kanisa, klabu au shule, ndiyo inayowaidhinisha viongozi. Kijana akifikia daraja jipya hukaa mbele ya jopo la wajumbe watatu hadi sita, ambamo mzazi wake haketi wala kiongozi wake mkuu. Beji za ustadi zina washauri wao, watu wenye ujuzi wa fani husika waliosajiliwa na kupata mafunzo yaleyale ya ulinzi, na hata hao hawakutani na kijana peke yake. Anayetaka daraja la juu kabisa, Eagle, huhitaji beji 21. Hiyo ina maana ya kukutana na watu wazima wengi, fundi umeme leo na muuguzi kesho, na ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa ambayo skauti humpa mtoto.

Upande wa mzazi asiyejitolea nako kuna wajibu. Wa kwanza ni kusema kweli kwenye fomu ya afya. Marekani fomu hiyo hujazwa upya kila mwaka, na kwa safari inayozidi saa 72 daktari lazima ampime mtoto na kutia saini. Wapo wazazi wanaoficha pumu, kifafa au kukojoa kitandani kwa kuogopa mtoto ataachwa. Kiongozi aliyejua mapema huweka dawa ya kuvuta karibu, au humwamsha mtoto kimyakimya saa tano usiku. Asiyejua hugundua mbele ya kikosi kizima. Dawa zipelekwe katika chupa au pakiti yake ya asili, zikiwa na maelekezo. Wajibu mwingine ni kufika kwa wakati kumchukua mtoto. Mzazi anayechelewa saa moja huwabakiza watu wazima wawili pale, maana mmoja haruhusiwi kubaki naye.

Kuna wajibu ambao haugawanywi. Mtu mzima akishuku kwamba mtoto amedhurika, hapaswi kufanya upelelezi wake, wala kumwita mtuhumiwa wakayamalize. Anahakikisha mtoto yuko salama, anaripoti polisi au kwa mamlaka ya watoto, kisha anautaarifu uongozi wa skauti. Kuyamaliza kimyakimya ndiko kulikozaa yale mafaili ya siri ya Marekani.

Haya yote yanaihusu Afrika Mashariki kwa karibu. Baden-Powell aliishi Nyeri miaka yake ya mwisho, akafariki na kuzikwa hapo Januari 1941, na kila mwaka karibu na tarehe 22 Februari, siku ya kuzaliwa kwake, skauti wa Kenya husafiri kwa mabasi kwenda kaburini kwake. Kenya na Tanzania zina sheria za mtoto, ya mwaka 2022 na ya mwaka 2009. Tofauti kubwa na Marekani ni kwamba huku makundi mengi yako shuleni, chini ya mwalimu mlezi. Mzazi hukutana na skauti kupitia bei ya sare na skafu, na karatasi ya ruhusa inayotiwa saini haraka mlangoni. Mwalimu mmoja na watoto 40 ni jambo la kawaida. Mwalimu huyo mara nyingi hujitolea bila posho, na halaumiwi hapa. Aliyekosekana ni mtu wa pili.

Kabla ya kutia saini karatasi hiyo mzazi ana maswali ya kuuliza, kwa heshima na bila kuona haya. Ni watu wazima gani wawili watakaokuwepo usiku? Je, mmoja ni mwanamke, ikiwa wasichana wanakwenda? Watoto watasafiri kwa basi lenye kiti cha kila mmoja, au nyuma ya pikapu? Watalala wapi, na walimu watalala wapi? Nani atashika dawa, na namba ipi itapigwa mtoto akiugua? Mwalimu aliyezoea safari huyajibu yote kwa dakika tano. Kisha aghalabu humuuliza mzazi kama ana nafasi Jumamosi hiyo, kwa sababu mtu mzima wa pili bado hajapatikana.