Watu wazima, baiskeli za watoto

Jumapili usiku mjini Portland, Marekani, utakuta watu wazima, wengine na ndevu zao, wamebeba baiskeli za watoto kwenye treni. Wanashuka Washington Park, stesheni iliyo mita 79 hivi chini ya ardhi, wanapanda lifti hadi nje ya bustani ya wanyama, halafu wanaserereka kilima chote kurudi mjini, magoti yakigonga usukani. Mchezo huu, Zoobomb, ulianza 2002.

Huna baiskeli? Hakuna noma. Kuna rundo limefungwa mnyororo katikati ya mji, unaazimwa bure. Mwaka 2009 rundo hilo likapata mnara wake, juu kibaiskeli kilichopakwa dhahabu.

Ila kagua breki kwanza. Kigurudumu kile kikiingia shimoni gizani, baiskeli itasimama, wewe utaendelea.